Chumvi ya Katwe na Ukuta wa Historia ya Chuo

Anayewajibika kwa kosa ninalolieleza hapa ni mwalimu wa ufinyanzi wa chuo chetu cha sanaa cha Bwera, aliyeiongoza kamati iliyoandika historia ya chuo ukutani. Mimi nilikuwa msajili wa chuo hicho tangu kilipofunguliwa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, hadi nilipostaafu na kurudi Kasese.

Sikatai kwamba alifundisha vizuri. Wanafunzi wake wana karakana Muhokya na Ibanda, na ukiinua chungu chochote chao utauona mkono wake: mdomo mwembamba, kitako kizito. Hata namna ya kupangusa udongo pajani wameiga kwake. Wote niliwasajili mimi. Hakuna aliyeiga chochote changu. Yeye walimwita Baba. Mimi waliniita Afande.

Lakini chumvi ilikuwa yangu. Vyungu vyetu vya mwanzo vilitoka tanurini vimepauka, na wanunuzi wakavipita. Nilikuwa nimesoma kwamba chumvi ikitupwa kwenye moto mkali hugeuka mvuke na kuuvika udongo ngozi ya kioo. Nikaleta gunia lake kutoka Katwe, kwenye ziwa la chumvi. Mwalimu akacheka mbele ya wanafunzi.

"Afande, chumvi iko ya mboga na ng'ombe. Sasa unataka tuunge tanuri?"

"Mwalimu, tupia kwanza, ucheke baadaye."

Hakutupia. Nilitupia mwenyewe kupitia tundu la tanuri, na mkono wa koti langu la ofisi ukababuka. Tulipofungua, vyungu viling'aa, vina vipele vidogo kama ganda la chungwa. Mwalimu aliinua kimoja, akakigeuza juani. Tangu hapo akafundisha njia ya chumvi kama aliyezaliwa nayo, na sifa za chuo zikavuka mpaka hadi Kongo.

Chuoni kuna desturi: tanuri likifunguliwa, chungu cha kwanza hukabidhiwa mtu anayestahili shukrani. Siku ya kuuzindua ukuta nilivaa koti lile lile, nikakaa mstari wa mbele na mke wangu. Kitambaa kilipoondolewa, nilisoma kwamba mwalimu ndiye aliyeibuni njia ya chumvi ya Katwe. Kisha tanuri likafunguliwa, chungu cha kwanza kikaletwa, akapewa yeye. Mimi nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu.

"Mzee, keti," mke wangu alininong'oneza. "Au unakwenda kumpongeza?"

Nikaenda kumpongeza, sikuwa na njia nyingine ya kumaliza kusimama kule. Alinishika kwa viganja viwili.

"Afande, bila ofisi yako tusingepata hata kuni."

Kuni!

Kwa hiyo naitaka kamati ieleze kwa maandishi, ukutani pale pale na si katika barua ya faragha, nani aliyeileta chumvi, nani aliyeitupia, na ni kwa uamuzi wa nani niliachwa nje ya historia hiyo. Maelezo hayo yawepo kabla tanuri halijafunguliwa tena, na chungu cha kwanza hakijatafutiwa mwenyewe.