Fisi Aliyeitwa Jonah

Mbithi Nthiwa ameshona nguo hapa mjini Wote kwa miaka ishirini na sita, kwenye veranda ileile ninayouzia nyuzi na vifungo. Sare za shule, majoho ya kwaya, mapazia ya ofisi. Si mtu wa maneno. Vipimo vya mteja huviandika kwa chaki juu ya meza, na nguo ikichukuliwa huvifuta.

Mbithi kwa Kikamba maana yake ni fisi. Mama yake, Ndunge, alizika watoto watatu kabla yake. Wa nne akampa jina la mnyama asiyetakwa na mtu, ili kile kilichowachukua wenzake kikifika mlangoni na kuuliza kuna nani, kiambiwe kuna fisi, kiende zake. Wengi wa rika letu wana jina hilo na hawalifikirii. Mbithi naye hakulifikiria hadi mwaka jana.

Mwaka jana binti yake Mumbua, aliyeolewa Kikima, alipata mtoto wa tatu. Wawili wa kwanza hawakumaliza mwaka. Ndunge alituma ujumbe mtoto aitwe Mbithi, kama babu yake. Wakwe ni watu wa kanisa, wakakataa. Mchungaji alimwombea akaitwa Jonah. Alipofika miezi saba akaanza kukohoa na kukonda, jinsi wale wawili walivyoanza. Hospitalini walimpima, hawakuona kitu.

Wiki hiyo ndipo Istahil alipokuja. Ni msichana wa familia ya Kisomali yenye duka Kitui, na ndiye katibu wa michezo katika chuo kikuu anakosoma.

"Fundi, timu yetu ya mpira inaitwa Fisi," alisema, "lakini maskoti tuliyo nayo, lile vazi la mnyama la kuchezea uwanjani, inakaa kondoo mgonjwa. Tukifika uwanjani wenzetu wanatulilia mee."

Mbithi alitabasamu kidogo. "Mnataka acheke ama aume?"

"Acheke. Lakini mtu akimwona asilale."

Alichora picha saba kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Waliyoichagua ilikuwa ya nne: kichwa cha sponji ya godoro kilichofunikwa blanketi la kahawia, shingo ya katani inayoshuka mgongoni hadi mkiani, macho ya rifleka za baiskeli, na mdomo wazi wenye wavu, ili mvaaji aone njia kupitia kooni.

"Ana jina?" aliuliza Mbithi.

"Bado. Tutapiga kura."

"Mwiteni Jonah."

Istahil akacheka. "Fisi aitwe jina la nabii? Mzee, mama yangu atanifukuza nyumbani."

"Akiitwa Jonah nitamshona kuliko nilivyowahi kushona kitu chochote. Akiitwa jina lingine, tafuteni fundi Machakos."

Msichana alikunja ule mchoro. "Sawa, Baba. Hata kulipigia kelele ni rahisi."

Hapo nikaelewa. Kama mtoto hakupewa jina la fisi, basi fisi angepewa jina la mtoto, ili kile kinachomtafuta Jonah kimkute fisi. Ndani ya paji la uso Mbithi alitarizi JONAH kwa uzi mwekundu, na katikati ya sponji akashonea fulana ndogo iliyotoka Kikima.

Huwa naandika mambo ya siku kwenye daftari. Jumatatu niliandika kwamba kichwa kimekamilika, kimewekwa juu ya kabati kikitazama ukuta. Alhamisi, saa saba mchana, hakuna upepo: kichwa kinatazama barabara. Mbithi alikuwa ameenda kula. Nilikirudisha. Ijumaa, saa saba tena, kinatazama barabara, na mbuzi waliokuwa wakipitishwa kwenda sokoni wamekataa kuvuka mbele ya veranda. Jioni hiyo Mumbua akapiga simu. Mtoto amenyonya, hakohoi. Mbithi aliushika mkono wangu kwa nguvu.

Wiki iliyofuata alikuja Nyamai, mwanafunzi wa kukivaa. Mwembamba, mcheshi.

"Usinikabe, fundi. Mama yangu ana mimi tu."

Akakivaa, akacheza pale verandani, watu wakaangua kicheko. Ghafla akasimama, akakivua.

"Nani ameniita?"

"Umeitwaje?" Mbithi aliuliza.

"Jonah. Hapa kwa sikio. Ni kama sauti ya mama mzee."

Hakuna aliyekuwa amesema neno.

"Uliitika?"

"Bado. Nilitaka kwanza nione ni nani." Kisha Nyamai akakohoa, mara mbili, kikohozi kikavu chembamba, na uso wa Mbithi ukabadilika. Kikohozi hicho alikuwa amekisikia kwa wajukuu watatu.

Nyamai alipoondoka Mbithi aliketi. "Nilipima kichwa," aliniambia. "Sikukumbuka ndani yake kutakuwa na mtoto wa mtu."

Akilifumua jina, kile kitu kingerudi Kikima. Akiliacha, kingemchukua Nyamai. Alikwenda Kathonzweni kwa mama yake. Ndunge alimsikiliza hadi mwisho akichambua mbaazi.

"Fisi wa blanketi si fisi," alisema. "Ikiulizwa kuna nani humo ndani, nani atajibu?"

"Mimi, mwaitu," alimjibu mama yake.

"Haya. Mbona bado uko hapa?"

Jumamosi nilimsindikiza Kitui kwenye mechi. Alimwambia Istahil kuna mshono anaoushuku, atakivaa kichwa yeye mwenyewe auchunguze.

"Kwa jua hili, Mzee? Utaanguka!"

"Nikianguka mnivute na mkia."

Wanafunzi waliimba Jonah, Jonah, naye akarukaruka kandokando ya uwanja kama mtu anayekanyaga siafu. Wakati wa mapumziko alitembea peke yake hadi kona ya mbali, penye miiba, pasipo na mtu. Akasimama, kichwa kimeinama upande, kama anayesemeshwa. Nilikuwa nikitazama. Nyasi za pale zililala kuelekea kwake, na bendera ya kona haikutikisika. Zikakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha zikalala kuelekea upande mwingine, mstari mmoja mwembamba, hadi kwenye miiba.

Alirudi shati likiwa limelowa jasho. "Kile kitu kimeuliza mara tatu kuna nani," alisema. "Mara tatu nimejibu Mbithi."

Jonah wa Kikima sasa anatembea. Nyamai hakohoi tena, na kila mwezi huja kuomba arudishiwe kazi yake. Mbithi humwambia kichwa bado hakijakaa sawa, na kila mechi huenda mwenyewe. Vipimo vya kichwa kile bado viko mezani, hajavifuta.

Juzi mteja wangu, naye aitwa Jonah, alisahau chenji. Nilimwita kutoka verandani: "Jonah!" Juu ya kabati, kichwa kikageuka. Mbithi hakuinua macho kutoka kwa mashine.

"Usiite jina hilo hapa," alisema. "Mfuate barabarani."