Kanisa letu hutundika magongo ya mtu ambaye hajapona

Wakuu, kwa muda sasa, kila Jumapili, magongo ya Papa Musafiri hutundikwa ukutani mwa kanisa letu hapa Mikelenge kama ushahidi kwamba ameponywa.

Jumatatu hurudishiwa, ili aweze kutembea.

Hana mguu wa kushoto. Hakuwa nao kabla ya maombi, na jana nilipita kwake, bado hana.

Habari zenu lakini. Nisiyoyaona mwenyewe nimewauliza waliokuwepo, kwa hiyo someni kwa amani.

Papa Musafiri ndiye mwalimu wa kwaya yetu. Mguu ulikatwa wakati wa vita, baada ya risasi. Magongo alijichongea mwenyewe, kwa kipimo cha makwapa yake.

(Kando kidogo. Miaka ile tulipokimbilia porini, upande wa Pangi, ndiye aliyeanzisha nyimbo, chinichini ili tusisikike. Kundi lote lilitembea kwa mwendo wake. Sikumbuki mtu aliyemwombea aote mguu. Tuliombea chumvi.)

Siku hizi tuna kanisa la matofali na ukuta wa ushuhuda. Aliyepona huacha pale alichokitegemea: fimbo, bandeji. Kuna hata miwani, na mwenye nayo siku hizi husalimia nguzo.

Basi akaja mhubiri mgeni.

Mama Feza, mkuu wa protokole, yaani wapokezi wa mlangoni, aliona ibada itakuwa ndefu. Akakusanya magongo mapema, watu wakiingia, ili muujiza usicheleweshwe na kutafuta misumari.

Papa Musafiri hakuja kuombewa. Alikuja kuimbisha. Mhubiri alipofika kwenye amina, magongo yalikuwa tayari ukutani.

Baada ya ibada Papa Musafiri aliyaomba. Hakupewa. Vijana wawili wa kwaya wakambeba hadi nje, na kanisa zima likapiga makofi, maana kweli alitoka bila magongo.

Kesho yake nilimsukuma kwa baiskeli hadi kwa pasta wetu.

"Pasta, niko naomba magongo yangu."

"Papa, tukishusha ile, watu watasema muujiza umerudi nyuma."

"Na muguu iko wapi?"

"Iko njiani."

"Basi nipe magongo niende kuupokea."

Mama Feza, aliyekuwa pale, alicheka, kisha akakohoa. Pasta hakucheka.

Kamati ikakaa. Uamuzi ndio ule: siku za kazi ni ya kwake, Jumapili ni ya ukuta. Na atafikaje mbele kwenye kwaya? "Tutamubeba," wakasema. Naamini walisema kwa upendo.

Alikubali kwa sababu ya kwaya. Akawa anafika mlangoni kwa magongo, anayatoa, anabebwa hadi kitini kama kiriba cha maji.

Hadi Jumapili moja, katikati ya mahubiri, haja ndogo ikambana. Wabebaji wake walikuwa wametoka kuchota maji ya ubatizo.

Akainua mkono kuomba msaada.

Kwaya ikasimama, ikaimba.

Akainua mikono yote miwili. Tukapandisha sauti.

Sitaeleza zaidi. Ni mtu mzima, ana wajukuu, na walikuwa wameketi safu ya mbele.

Jumapili iliyopita Mama Feza alimngoja mlangoni, mikono mbele.

"Lete, Papa."

"Leo hapana, Mama. Nikiingia, naingia nayo."

"Ukuta utabaki wazi."

"Na mimi?"

Mama Feza hakusogea mlangoni. Papa Musafiri akaketi barazani, chini ya dirisha, akaanza kuimbisha kutoka nje. Sisi tuligeukia dirishani ili tuone mkono wake, tukawapa waumini migongo. Pasta akafunga dirisha. Alisema ni vumbi.

Hapo mwimbaji wa sauti ya kwanza akatoka. Kisha mwingine. Mwishowe tuliimba sote barazani hadi ibada ikaisha, na ndani pasta alihubiri peke yake bila hata wimbo wa kumpumzisha.

Nilichokipata mimi: mtu anaweza kupendwa na kanisa zima, na asipatikane hata mmoja wa kumwuliza anataka nini. Kumbeba kulikuwa rahisi kuliko kumwuliza.

Wenye makanisa na misikiti huko mliko, kwenu mnafanyaje? Andikeni hapa chini, hata wa kunipinga, kwaya nzima inasoma.

Kesho ni Jumapili. Pasta ametuma ujumbe kwamba kwaya inakaribishwa ndani, na mwalimu wake pia.

Kuhusu magongo hakuandika neno.