Maji ya Matofali

Kasiva hakuwahi kuogopa mvua. Mtu wa Ukambani huogopa kiangazi. Lakini tangu juzi kila wingu lililojikusanya juu ya Mumbuni lilimkausha mate.

Miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha ujenzi katika chuo kimoja mjini Machakos. Sita kati ya hiyo aliitoa kwa utafiti wa tofali moja tu: udongo na saruji kidogo, unaoshindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa kwa kuni, ili maskini naye apate ukuta. Nyumba ya kwanza yeye na wanafunzi wake walimjengea Nzembi, mjane anayelea wajukuu wawili.

Juzi alipopita kumsalimu, Nzembi alimsimulia huku akicheka.

“Mwalimu, siku saba za kumwagilia matofali, na jua lile? Niko na mbuzi sita! Nipe udongo maji, mbuzi zinaniangalia? Nilimwagilia yale ya kwanza. Hayo mengine nilifunika tu na karatasi za mifuko ya saruji.”

Kasiva hakucheka. Tofali lisilonyweshwa maji, saruji yake haishiki. Na maabara ya chuo ilipima yale ya kwanza tu. Alipanga kurudi Jumamosi kuupima ukuta wenyewe.

Leo mchana matone ya kwanza yalipogonga paa la darasa, aliwaacha wanafunzi, chaki bado mkononi mwake, akarukia bodaboda. Alipofika, alikwaruza ukuta kwa msumari. Safu za chini zilikataa. Usawa wa kiuno, msumari ulizama kama kijiti kwenye ugali.

“Mwaitu, mama, toa watoto. Sasa hivi.”

“Kwa nyumba yangu? Si ulisema hii ndiyo itadumu hadi inizike?”

“Nilikosea, mama.”

“Wewe? Ni mimi na mbuzi zangu.”

“Nilipima udongo wako. Sikukuuliza maji unatoa wapi.”

Nzembi alifungua mdomo amjibu, kisha akaona tundu ambalo msumari ulikuwa umetoboa ukutani. Aliwabeba wajukuu kwapani, mmoja huku, mmoja kule, wakakimbilia jiko la mabati uani.

Kutoka huko wakatazama ukuta ukilowa, ukigeuka mweusi. Tofali moja likavimba, likamomonyoka, likaangukia ndani, wakasikia likigonga kitanda. Kisha la pili. Mtoto mdogo akaanza kulia.

Kasiva aliwapigia wanafunzi wake simu.

“Njooni na miti ya kuegemeza ukuta,” alisema. “Na madaftari. Nataka muone nilichokosea.”