Dakika Moja ya Kunikumbuka

Kwetu Newala, mvulana akitoka jandoni anatoka na jina jipya. Lile la utotoni halitajwi tena. Ukimwita nalo umemtukana, na watu wazima wameshapigana kwa hilo. Basi nami likizo ilipokwisha nilirudi shuleni kichwa kimenivimba, nangoja kwa hamu kuitwa kiume mbele ya wasichana.

Tukamkuta mwalimu mgeni, mama wa watu kutoka Bukoba. Akaanza kuita majina. Alipofika kwangu akasoma lile la utotoni, tena kwa sauti! Niitike? Thubutu! Bora niandikwe mtoro.

"Yuko wapi huyu?"

Wenzangu wakatazamana. Mwishowe kiranja akasimama, macho chini. "Mwalimu, hilo jina halitajwi tena."

Masikini, akavua miwani, machozi yanamlengalenga. "Simameni wote, dakika moja tumkumbuke mwenzenu." Nami nikasimama kwa adabu, nikainamisha kichwa, nikajikumbuka.

Jioni akaja nyumbani na kilo ya sukari. Mama alikuwa uani anabangua korosho.

"Pole sana, mama," mwalimu akasema, kilio kikamshika. "Na mtoto bado mdogo, jamani!"

"Mtoto gani tena?" mama akaruka. "Huyu hapa si ndiye anayekuletea kigoda?"

Mwalimu akanikodolea macho. "Wewe! Si ulikuwa darasani?"

"Nilikuwepo, mwalimu."

"Na ulisimama?"

"Ulisema wote."

Mama alicheka mpaka ungo ukapinduka. Alipokwisha kumweleza mila zetu, mwalimu naye akacheka huku anajifuta machozi, akauliza jina jipya. Loo! Ni la Kimakonde, linaanzia puani, na ulimi wake ukagoma. Kesho yake akaliita mbele ya wote vipande vipande, kama anayetema miiba ya samaki. Wasichana wakaangua kicheko. Niliona aibu ya kufa, lakini lilikuwa jina langu la kiume, nikaitika. Akaendelea kulivunja hivyo mpaka nikamaliza shule.

Juzi niko stendi ya Masasi na binti yangu, nikasikia jina langu limevunjwa vilevile. Nikageuka, ndiye yeye, mvi kichwa kizima. Nikamwamkia, tukacheka, nikampandishia mzigo wake kwenye basi.

Basi lilipoondoka binti akanivuta shati. "Baba, mbona humsahihishi? Anakuharibia jina!"

"Mwache alivunje," nikamwambia. "Yule mtoto niliyekuwa, ni yeye peke yake aliyemlilia."