Mwalimu Nafula na Mkono wa Nne

Hadi sasa nashika simu nimpigie Mwalimu Nafula, nimwulize kama ni kweli Mwalimu Nafula ametuacha. Ndivyo akili yangu ilivyo wiki hii.

Wengi mlimjua kwa ile shule yake ya Haltom City, hapa Texas. Hamjui ilivyokaribia kukwama kwa sababu yangu.

Alitaka shule ya charter: ya umma, haina karo, inaendeshwa na bodi ya watu wa kawaida kwa idhini ya jimbo. Bodi tuliiundia sebuleni kwangu Arlington, kama kamati ya harusi. Kila aliyekula chapati alipewa cheo. Mimi vice chair, kwa kuwa nyumba ni yangu.

Kisha akasoma sheria ya Texas: zaidi ya nusu ya bodi lazima wawe na haki ya kupiga kura.

"Wapiga kura, mikono juu."

Nikainua wangu kwa madaha.

"Baba Tony, ulipigia wapi?"

"Bungoma, Kenya."

"Teremsha."

Tulikuwa saba, wenye haki watatu: tulipungukiwa mkono mmoja. Mimi nilikuwa na green card, kibali cha kuishi Marekani bila kura, miaka kumi na miwili, na fomu ya uraia kwenye droo ya soksi. Ni nesi, lakini interview naiogopa kuliko wagonjwa wangu wanavyoogopa sindano.

"Si utafute mtu mwingine?"

"Nimpate wapi mwenye sebule kubwa hivi?"

Kila Jumapili baada ya kanisa alikuja na maswali ya uraia. Nikikosea, anasogeza sahani ya kuku upande wake. Nilikonda, lakini nilipita.

Siku ya kiapo cha uraia aliningoja mlangoni na fomu ya kujiandikisha kupiga kura. "Sahihi hapa. Picha baadaye."

Application ya shule ikaenda. Bodi ilipoitwa kwenye interview huko Austin, makao makuu ya jimbo, Mwalimu aliniambia nitabasamu tu, nisiongee. Kamishna wa elimu akakubali. Bodi ya elimu ya jimbo bado ingeweza kutukatalia. Haikukataa.

Asubuhi ya kufungua, foleni ya watoto ilifika hadi parking. Mwalimu akanigeukia, macho yamelowa: "Umeona mkono wako mmoja ulichofanya?"

Jana bodi ilikutana bila wewe, Mwalimu. Kabla ya ajenda nikasema, wapiga kura, mikono juu.

Ikapanda yote sita, hata ya wale ambao siku ile hawakuwa na haki.

Lala bila wasiwasi, dada. Tuko zaidi ya nusu.