Mimba Ambayo Haikuwepo

Tulikuwa na miaka michache tangu turudi kwetu kutoka ukimbizini Tanzania, tunalima mahindi karibu na Kobero, mpakani, binti yangu alipoanza kuumwa kichwa. Alikuwa na miaka kumi na minne. Alikunywa maji ndoo nzima kwa siku, akadhoofika, na siku zake zikakatika. Mama yake akampeleka zahanati Muyinga. Wakapima mkojo kwa kijiti, kikatoa mistari miwili.

Nikamuuliza ni nani. Akasema hakuna mtu. Nikauliza wiki nzima, kisha nikampeleka Nyarusange, Gitega, kwa dada yangu, azalie huko mbali na midomo ya majirani. Waliokuwa wanatuita wakuja walishapata ya kusema ya kutosha. Njia nzima sikumsemesha.

Miezi mitatu baadaye dada yangu akanipigia simu. Tumbo halikui, alisema, lakini binti yako haoni vizuri, anajigonga kwenye miimo ya mlango. Alishampeleka hospitali mjini Gitega, wakampima damu na kumpiga picha ya kichwa, na sasa daktari alitaka kuniona mimi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, naye amechoka kama mimi.

"Hakuna mimba, papa," alisema. "Iko uvimbe mu kichwa, na ndiyo iko inatoa ile protini ya mimba."

Akanieleza polepole: protini hiyo ndiyo iliyosomwa na kile kijiti. Uvimbe huo huanzia kwenye chembe za uzazi zilizopotea njia mtoto akiwa bado tumboni, zikabaki kichwani. Walitafuta na protini nyingine kwenye damu, hawakuikuta, na hilo lilikuwa jema: mara nyingi uvimbe usio nayo husikia dawa na mionzi. Mionzi tungeifuata Tanzania, kulekule tulikotoka. Kuhusu macho hakuahidi kitu. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kushindwa hata kulia, na aibu imenijaa.

Nilimkuta binti yangu kitandani, anatazama upande ambao sikuwepo. Nikamwambia ni mimi. Nikamwomba msamaha, nikasema sasa najua hakunidanganya. Akauliza kwa sauti yake ya kila siku:

"Baba, wasingeukuta huo uvimbe, ungekuja?"

Nilijibu kwamba ningekuja. Lakini nilichelewa kujibu, na masikio yake yalikuwa mazima.