Plasta Kwenye Redio ya Mume Wangu

Jumatano, tarehe nne Juni. Redio koli, ile ya mkononi, ya kijiji chetu cha Kasigau, ambayo mume wangu aliishika kwa miaka mingi, imepotewa na sauti. Mwenyewe tulikuwa tumemzika mwezi uliotangulia.

Redio hiyo ni ya kuwaita askari wa wanyamapori ndovu wakiingia mashambani. Baada ya mazishi niliachiwa mimi. Nikabonyeza, nikaongea. Mwanamke wa kituo cha askari hao akajibu:

"Mama, tunaona umebonyeza lakini huongei. Umetununia?"

Akasema ikiendelea hivyo wataichukua, wakipe kijiji kingine. Na mahindi yalikuwa yameanza kubeba, wakati ndovu wanapoyafuata.

Nikaipeleka mjini Voi kwa fundi. Alibadilisha betri, kimya. Akabadilisha antena, kimya. Akashika redio yake, akanituma ng'ambo ya barabara nihesabu moja, mbili, tatu kwenye yangu.

"Mawimbi yanafika na nguvu zote," akaniambia niliporudi. "Ila yanakuja mikono mitupu, hayakubeba sauti. Hebu hesabu kama umekasirika."

Nilipofoka, akasikia kwa mbali. Kisha akachomeka maiki ya nje, nikasikika vizuri kabisa.

"Basi shida ni maiki ya ndani."

Akafungua kasha. Maiki yenyewe, ndogo kama punje ya dengu, ilikuwa imefunikwa kwa plasta ya kidonda, tabaka juu ya tabaka.

"Mama, huyu mgonjwa alitibiwa na nani?"

Mume wangu aliongea na redio kama anayeita ng'ombe wa jirani. Kituo kilimlalamikia: "Mzee, unakwaruza, hatushiki neno! Tungekusikia hata bila redio." Yeye alicheka tu, akasema wao ndio wana masikio mabovu. Baadaye malalamiko yalikoma, akajisifu kwangu kwamba wamemzoea. Mimi siku hizo nilikuwa natafuta plasta zangu zilizopotea. Sikujua kwamba yale maneno yalimwuma.

Fundi akazibandua zote, akanipa redio niite kituo. Nilikuwa nimeshazoea kupaza sauti.

"Woi! Pole pole, mama!" yule mwanamke akajibu. "Nimedhani mzee amerudi."

Kisha akasema, taratibu, "Tunakupata. Kaa na redio yako."

Fundi alikuwa ameshika bisibisi, anangoja.

"Rudisha moja," nikamwambia.

Akakata kipande cha plasta, akakibandika, akafunga kasha.